Doris Miller: Mhudumu wa bwalo aliyeitetea manowari

KATIKA vita yoyote, historia huandika kwanza majina ya majemadari na manahodha. Majina ya waliowapikia, waliotandika vitanda vyao na kung'arisha viatu vyao huachwa yazame pamoja na meli zao.

Jina la Doris Miller ni miongoni mwa machache yaliyokataa kuzama. Baharia huyu mweusi wa Marekani hakuwa na cheo cha kutisha wala elimu ya kujivunia. Kazi yake ndani ya manowari ya USS West Virginia ilikuwa kuwahudumia maofisa mezani na kukusanya nguo zao chafu kwa ajili ya kufuliwa.

Hata hivyo, kwa alichokifanya asubuhi moja ya Desemba 1941, jeshi lililomweka jikoni lililazimika kumvisha nishani. Kabla ya hapo lililazimika kwanza kulitaja jina lake, na hilo peke yake lilichukua zaidi ya miezi mitatu.

Kijana wa shamba

Miller alizaliwa Oktoba 12, 1919 karibu na mji wa Waco, katika jimbo la Texas, kusini mwa Marekani. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya wavulana wanne wa Connery na Henrietta Miller, familia ya wakulima ambao wazee wao walipitia utumwa.

Doris ni jina ambalo kwa kawaida hupewa mtoto wa kike. Inaelezwa kuwa mkunga aliyemhudumia mama yake alikuwa na hakika kwamba angezaliwa binti, na jina lilikwisha kuandaliwa. Magazeti ya baadaye yalimwita Dorie, na wengi wakamjua kwa jina hilo.

Waco ya siku hizo haikuwa mahali rahisi kwa mtu mweusi kulelewa. Mei 1916, miaka mitatu tu kabla ya Miller kuzaliwa, kijana mweusi aliyeitwa Jesse Washington aliuawa kikatili na kundi la watu katikati ya mji huo, mchana kweupe, mbele ya maelfu ya watazamaji. Shule, makanisa na vyombo vya usafiri vilitenganishwa kwa rangi ya ngozi.

Katika Shule ya A.J. Moore, iliyokuwa ya wanafunzi weusi, Miller alisifika zaidi uwanjani kuliko darasani. Alikuwa na umbo kubwa, urefu wa takriban sentimeta 190, na alicheza mpira wa Kimarekani katika nafasi inayohitaji nguvu na kifua. Masomo yalimwendea vibaya. Akiwa na umri wa miaka 17 alikuwa bado darasa la nane, na alipotakiwa kulirudia aliamua kuacha shule.

Alirudi shambani kumsaidia baba yake. Muda wa ziada aliutumia kuwinda kindi kwa bunduki ndogo, na akajifunza kwa njia ya posta ufundi wa kuhifadhi wanyama waliokufa ili waonekane kama walio hai. Ni burudani iliyohitaji mkono mtulivu na jicho lisilopepesa, na bunduki kwake haikuwa kitu kigeni hata kabla hajaiona bahari.

Aliomba nafasi katika mpango wa serikali uliowaajiri vijana kupanda miti na kutunza misitu, lakini hakuchaguliwa. Ndipo Septemba 16, 1939, zaidi kidogo ya wiki mbili baada ya Ujerumani kuivamia Poland, alipojiandikisha katika Jeshi la Majini la Marekani. Alitaka kuona ulimwengu na kuisaidia familia yake.

Mlango mmoja tu

Jeshi alilojiunga nalo lilikuwa na mlango mmoja tu kwa mtu wa rangi yake. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Jeshi la Majini liliacha kabisa kuandikisha Wamarekani weusi, na kazi za kuwahudumia maofisa zikafanywa zaidi na Wafilipino. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 weusi walifunguliwa tena mlango, lakini ulikuwa mlango wa jikoni.

Waliandikishwa kama wahudumu wa bwalo. Hawakuweza kuwa warusha mizinga, mafundi wa mitambo wala washika usukani. Mshahara wa askari wa daraja la chini kabisa ulikuwa dola 21 kwa mwezi.

Baada ya mafunzo katika kituo cha Norfolk, Virginia, Miller alipangiwa meli ya kusafirisha silaha iliyoitwa USS Pyro. Januari 2, 1940 alihamishiwa USS West Virginia, moja ya manowari kubwa za Marekani, yenye mizinga minane mikuu, urefu wa takriban meta 190 na wanamaji zaidi ya elfu moja.

Meli ya namna hiyo ni mji unaoelea. Ina jiko, ofisi, hospitali, karakana na duka. Ina pia matabaka yake. Maofisa walikuwa na vyumba vyao, vitambaa vyeupe mezani na watu wa kuwaandalia chakula. Mabaharia wa kawaida walikula na kulala kwa msongamano, na wahudumu weusi walitengewa sehemu yao.

Siku ya mhudumu ilianza kabla ya ofisa kufumbua macho. Aliandaa meza ya kifungua kinywa, akahudumia, akaondoa vyombo na kuviosha. Kisha alitandika vitanda, akafagia vyumba, akang'arisha viatu na kukusanya nguo za kufuliwa. Adhuhuri alirudi mezani, na jioni vivyo hivyo. Meli iwe bandarini au katikati ya bahari, ratiba haikubadilika, kwa kuwa njaa ya ofisa haina likizo.

Ngumi juu ya sitaha

Pamoja na hayo, hakuna jeshi la majini linaloweza kuwaweka vijana elfu moja ndani ya chuma kwa miezi mingi bila kuwapa kitu cha kufurahia. Manowari za Marekani za wakati huo zilikuwa na bendi za muziki, timu za besiboli na za kupiga makasia, na sinema zilizooneshwa usiku juu ya sitaha. Meli ilishindana na meli, na ushindi ulizungumzwa kwa wiki kadhaa.

Mchezo uliopendwa kupita yote ulikuwa ndondi. Ulingo ulifungwa kwa kamba juu ya sitaha, mabaharia wakajazana kuuzunguka, wengine wakipanda juu ya mizinga ili waone vizuri. Bingwa wa meli alikuwa mtu mwenye heshima yake, kwani alibeba jina la wenzake wote kila walipokutana na meli nyingine.

Bingwa wa uzito wa juu wa USS West Virginia alikuwa Doris Miller.

Ni jambo la kutafakari. Kijana ambaye mezani alitakiwa asimame kimya nyuma ya kiti cha ofisa, ulingoni alishangiliwa na meli nzima. Ngumi hazikumpandisha cheo, na kengele ya mwisho ilipolia alirudi kwenye sahani zake. Lakini zilimfanya afahamike kwa sura, kwa jina na kwa nguvu, na kufahamika huko kulikuja kuwa na maana siku ambayo nguvu zake zilihitajika.

Julai 1940 alipelekwa kwa muda katika manowari ya USS Nevada, ambako kulikuwa na mafunzo ya mizinga midogo ya meli. Alirejea West Virginia Agosti 3. Hata hivyo, hakufundishwa kutumia bunduki za rashasha za kutungulia ndege. Kama ilivyokuwa kwa wahudumu wengi, kituo chake wakati wa hatari kilikuwa ghala la risasi, ambako kazi ilikuwa kuwapitishia wengine risasi za kupiga.

Mwaka huo huo wa 1940, manowari za Marekani zilizokuwa na makao katika pwani ya California zilihamishiwa Pearl Harbor, katika visiwa vya Hawaii. Serikali ya Marekani ilitaka Japan izione na isite. Japan iliziona, lakini haikusita.

Jumapili ya Desemba 7

Desemba 7, 1941 Miller aliamka saa 12 asubuhi kama kawaida. Alihudumia kifungua kinywa, kisha akaanza kuzunguka vyumbani kukusanya nguo chafu. Alikuwa katika kazi hiyo pale ndege za Japan zilipoanza mashambulizi, muda mfupi kabla ya saa 2 asubuhi.

King'ora kilipolia alikimbilia kituo chake. Alikuta ghala limeharibiwa na topido. West Virginia ilikuwa imefungwa upande wa nje wa manowari nyingine, USS Tennessee, na kwa hiyo ubavu wake ulikuwa wazi kwa kila topido iliyorushwa kutoka upande wa maji. Ilipigwa na topido zisizopungua saba na mabomu mawili.

Miller alipanda juu, akaanza kuwabeba majeruhi na kuwapeleka mahali penye nafuu. Ofisa mmoja, akitambua alivyokuwa na nguvu, alimchukua waende kwenye daraja la kuongozea meli, ambako nahodha Mervyn Bennion alikuwa amepasuliwa tumbo na kipande cha chuma kutoka kwenye bomu lililoipiga Tennessee. Walimsogeza hadi mahali palipositirika kidogo. Nahodha huyo alikataa kuondolewa, akaendelea kuuliza hali ya meli na kutoa maagizo hadi mauti yalipomfika.

Baada ya hapo Miller alitakiwa kusaidia katika bunduki mbili za rashasha zilizokuwa hazina watu. Ofisa aliyemwita alitarajia amlishie risasi tu. Alipogeuka, alimkuta mhudumu yule ameshika bunduki moja na tayari anaifyatulia ndege za Japan.

Alipiga kwa takriban dakika 15, moshi mweusi wa mafuta ukiwa umetanda na maji yakiwaka moto chini yake, hadi risasi zilipokwisha. Hadithi nyingi zimesimuliwa baadaye kuhusu idadi ya ndege alizoangusha, na filamu zimeziongezea chumvi. Taarifa rasmi za siku hiyo hazimpi idadi yoyote. Katika anga iliyojaa risasi za kila meli, hakuna aliyeweza kusema kwa hakika ni ya nani iliyolenga.

Kilicho hakika ni kile alichokifanya baada ya bunduki kunyamaza. Aliendelea kuwavuta majeruhi kutoka kwenye maji na mafuta, akawapitisha kwenye sitaha iliyokuwa ikizama, na kwa kufanya hivyo aliokoa maisha ya watu ambao vinginevyo wangepotea. Amri ya kuihama meli ilipotolewa, alikuwa miongoni mwa watu wa mwisho kuondoka.

Watu 106 wa West Virginia walikufa. Kwa kuwa mabaharia wake waliwahi kufungulia maji upande wa pili, meli haikupinduka bali ilikaa wima kwenye kina kifupi cha bandari. Ilipoinuliwa mwaka 1942, miili ya mabaharia watatu ilikutwa katika chumba kimoja kisichoingiwa na maji, pamoja na kalenda iliyowekewa alama kila siku hadi Desemba 23. Walikuwa wameishi siku 16 gizani, wakisubiri wenzao ambao hawakuweza kuwafikia.

Katika Pearl Harbor nzima, mashambulizi hayo yaliwaua Wamarekani 2,403. Kati yao walikuwamo wanamuziki wote 21 wa bendi ya USS Arizona.

Shujaa asiye na jina

Januari 1, 1942 Jeshi la Majini lilitoa orodha ya waliostahili sifa kwa matendo yao siku ile. Ndani yake alitajwa mtu mweusi mmoja, bila jina.

Kwa jamii ya Wamarekani weusi jambo hilo liliuma. Vijana wao walikuwa wakiitwa kufia demokrasia ng'ambo wakati nyumbani wakinyimwa kura, ajira na kiti ndani ya basi. Gazeti la Pittsburgh Courier, lililokuwa likisomwa na weusi nchi nzima, lilikuwa limeanzisha kampeni ya ushindi wa aina mbili, yaani kumshinda adui wa nje na kuushinda ubaguzi wa ndani. Gazeti hilo pamoja na chama cha kutetea haki za weusi cha NAACP walitaka kujua mtu huyo ni nani.

Machi 12, 1942 mwanahistoria Lawrence Reddick, aliyekuwa akisimamia mkusanyiko wa vitabu wa Schomburg mjini New York, alitangaza kwamba baada ya kuandikiana barua na jeshi amelipata jina. Lilikuwa Doris Miller.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda haraka. Wabunge wawili, Seneta James Mead wa New York na John Dingell wa Michigan, walipeleka bungeni miswada ya kutaka apewe Nishani ya Heshima, ambayo ndiyo ya juu kabisa Marekani. Waziri wa Jeshi la Majini, Frank Knox, alimpa barua ya pongezi Aprili 1. Kwa wengi hiyo haikutosha, na Rais Franklin Roosevelt aliidhinisha apewe Msalaba wa Jeshi la Majini.

Mei 27, 1942, juu ya sitaha ya meli ya kubeba ndege USS Enterprise iliyokuwa Pearl Harbor, Admirali Chester Nimitz alimvisha Miller nishani hiyo kwa mikono yake. Alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuipata. Siku iliyofuata meli hiyo iling'oa nanga kuelekea vita ya Midway.

Mwezi Aprili mwaka huo Jeshi la Majini lilikuwa limetangaza kwamba kuanzia Juni 1, 1942 weusi wangeandikishwa pia katika kazi nyingine, ingawa bado kwa kutengwa. Haikuwa kazi ya Miller peke yake, kwani shinikizo lilikuwa la miaka mingi. Lakini ilikuwa vigumu kuendelea kudai kwamba mtu mweusi hafai kushika silaha melini wakati picha ya Miller na nishani yake kifuani ilikuwa imebandikwa ukutani katika kila mtaa.

Kurudi jikoni

Miller mwenyewe hakutolewa jikoni. Tangu Desemba 13, 1941 alikuwa akihudumu katika USS Indianapolis, na nishani haikubadili mahali pake pa kazi.

Baada ya magazeti ya weusi kuhoji kwa nini mashujaa weupe wanarudishwa nyumbani kushangiliwa na yeye anabaki baharini, alirejeshwa mwishoni mwa 1942 kwa ziara ya kuhamasisha wananchi kununua hati za kuichangia vita. Alipita Oakland, Dallas na nyumbani kwao Waco. Alizungumza pia na mabaharia weusi waliokuwa wakihitimu katika kituo cha Great Lakes karibu na Chicago, vijana waliokwenda kufanya kazi ambazo yeye hakupata kuruhusiwa kuzifanya. Mwaka 1943 sura yake ilitumika katika bango la kuhamasisha vita.

Juni 1, 1943 alipandishwa kuwa mpishi wa daraja la tatu, akapangiwa meli mpya ndogo ya kubeba ndege, USS Liscome Bay.

Novemba 1943 meli hiyo ilikuwa katika visiwa vya Gilbert, ambavyo leo ni sehemu ya nchi ya Kiribati, ikisaidia kukitwaa kisiwa cha Makin kutoka kwa Wajapani. Alfajiri ya Novemba 24, saa 11 na dakika chache, nyambizi ya Japan I-175 iliirushia topido. Topido hiyo ililipua ghala la mabomu ya ndege, na meli ikazama ndani ya dakika 23 hivi. Watu 644 walikufa na 272 wakaokolewa. Miller hakuwamo kati ya waliookolewa. Alikuwa na umri wa miaka 24.

Wazazi wake walipewa taarifa kwamba mtoto wao hajulikani alipo mnamo Desemba 7, 1943, miaka miwili kamili tangu Pearl Harbor. Mwili wake haukupatikana.

Deni ambalo halijalipwa

Jeshi la Marekani liliamriwa kuacha utengano wa rangi mwaka 1948, kwa amri ya Rais Harry Truman. Nishani ya Heshima iliendelea kuwapita weusi waliopigana vita ile hadi Januari 1997, pale Rais Bill Clinton alipowatunuku askari saba wa nchi kavu, sita kati yao wakiwa wamekwisha kufa. Miller hakuwa mmoja wao, na madai kwamba naye aliistahili yameendelea kutolewa.

Heshima nyingine zimekuja kidogo kidogo. Mwaka 1973 manowari ndogo ilipewa jina la USS Miller. Mwaka 2010 sura yake iliwekwa kwenye stempu ya posta. Huko Waco, hospitali ya askari wastaafu ina jina lake, na mnara wa kumbukumbu yake umejengwa kando ya Mto Brazos.

Januari 20, 2020, siku ya kumkumbuka Martin Luther King, Jeshi la Majini lilitangaza kwamba moja ya meli zake kubwa za kubeba ndege zinazotumia nguvu za nyuklia itaitwa kwa jina la Miller. Chuma chake cha kwanza kilikatwa mwaka 2021 katika karakana ya Newport News, Virginia. Meli za aina hiyo zimezoea kuitwa kwa majina ya marais na wakubwa wengine. Haijapata kutokea ipewe jina la baharia wa kawaida, wala la Mmarekani mweusi.

Meli ya mwaka 1973 ilibeba jina la ukoo peke yake. Hii imepewa jina lote, USS Doris Miller, likiwamo lile la kike ambalo mkunga wa Waco alikuwa na hakika nalo. Itakapoingia baharini itakuwa na maelfu ya wanamaji, na kati yao watakuwapo wapishi, wahudumu wa bwalo na wakusanya nguo. Tofauti ni kwamba safari hii hakuna atakayewekwa huko kwa sababu ya rangi yake.